Mpira wa Jumamosi na Sala ya Msafiri

Ukitaka kumuudhi Nadhir bin Amur, mkute Jumamosi magharibi, redio imewaka, mpira umekolea Unguja, umuulize kwa nini haendi msikitini na wenziwe. Angekutazama vile alivyokuwa akiwatazama waliokuja kwenye stoo yake ya Idara ya Barabara kutaka sururu bila ya karatasi. Kisha angekujibu neno moja tu, "Msafiri," akaitegea tena redio sikio. Msafiri gani huyo, naye kazi anayo, nyumba ya kupanga anayo, na binti yake Fakhriya keshaolewa Nizwa, anazaa? Lakini ndivyo alivyojihesabu. Alifika Ibra, huku Omani, mwaka wa sabini na moja, na mkewe na mtoto na begi moja, na mpaka mwaka wa themanini na tano alikuwa bado hajafika.

Hebu nieleze, maana wapo watakaosema huo ni uvivu wa sala, na Nadhir kila kibaya unaweza kumsingizia ila hicho. Katika madhehebu yetu ya Kiibadhi, mtu aliye mbali na kwao husali sala ya safari. Adhuhuri, alasiri na isha anazisali rakaa mbili mbili badala ya nne, na magharibi anayo ruhusa ya kuichelewesha akaisali pamoja na isha. Sasa, "kwao" ya mtu haiji yenyewe kwa kukaa miaka mingi. Ni nia. Mpaka uamue moyoni kwamba hapa ndipo kwetu, utakaa uote mvi na wewe ni msafiri vilevile. Wengi tuliotoka Unguja tulisali safari mwaka, miaka miwili, halafu tukanuia, yakaisha. Nadhir hakunuia. Na mke, kwa madhehebu hayohayo, humfuata mumewe: mume akiwa msafiri naye msafiri, akinuia naye amefika.

Kilichomzuia ni redio. Kila Jumamosi, redio ya Unguja ilipotangaza mpira, watu wawili walikuwa hawakosi kwenye majlisi yake, chumba cha wageni. Mmoja ni Mahrous, Mpemba, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akisikiliza huku amefumba macho. Wa pili ni Zuhair, mzaliwa wa Tabora, mwenye duka la spea, ambaye Kiswahili chake cha bara kiliwafanya wenziwe wamcheke, naye akawacheka chao. Waya wa antena ulitoka dirishani ukafungwa kwenye mtende wa uani, na upepo ukivuma mtangazaji huja na kuondoka, mara yuko sikioni, mara kama yumo kisimani. Jirani yao, mzee wa palepale asiyejua neno la Kiswahili, aliwahi kuwauliza yule bwana wa kwenye redio ana ugomvi gani na watu kila wiki.

Unguja mpira ulianza jua lingali juu. Ibra saa iko mbele, kwa hiyo adhana ya magharibi iliwakuta kipindi cha kwanza hakijesha. Mahrous na Zuhair huvaa makubadhi yao wakaenda msikitini, na Nadhir, kwa ule usafiri wake, hubaki kulinda mpira. Wakirudi humkuta ameshawawekea kila kitu: nani kakosa, nani kaanguka, refa kaonewa au kaonea. Aliwahadithia kwa sauti ya mtangazaji hasa, na Zuhair alikuwa akisema afadhali ya Nadhir kuliko redio, maana Nadhir hana upepo.

Wakati wa mapumziko hawakuzungumza mpira. Walizungumza makwao. Zuhair alikumbuka Tabora, baba yake akimbeba mabegani mbele ya duka la Muhindi mwenye redio, watu wamejaa mpaka barabarani, na mtoto wa mabegani ndiye aliyesikia vizuri kuliko wote. Mahrous alimkumbuka mama yake, asiyeujua mpira wala asiyetaka kuujua, lakini kila siku ya mechi aliuliza nani kashinda, apate kujua mtoto gani atakula na yupi atasusa. Nadhir yeye alikuwa na hadithi moja tu, ya tarumbeta, na wenziwe walimsikiliza kila mara kama hawajawahi kuisikia.

Tarumbeta lile baba yao, mzee Amur, alilinunua kwa wapiga bendi wa Kigoa, akampa mwanawe mkubwa, Hashil. Hashil akawa mpuliza tarumbeta wa Shabaha, timu ya mtaani kwao. Shabaha wakipata kona, Hashil husimama, akapiga mbili fupi na moja ndefu. Siku moja tarumbeta lilianguka kutoka kwenye lori la washabiki likabonyea mdomoni, na toka siku hiyo, ile ndefu ikawa inamalizika kwa mkwaruzo, kama mtu anayekohoa kwa adabu. Na Hashil alikuwa na sharti, alilofundishwa na baba yake: mpigaji akianza tu kuukimbilia mpira, tarumbeta linyamaze. Mzee Amur alisema kumpigia mtu kelele wakati anafanya kazi yake ni kumdhulumu, hata akiwa wa timu yako. Washabiki wa timu nyingine walipuliza ovyo, Hashil hapana. Na tarumbeta hakumwazima mtu. Hata Nadhir, ndugu wa tumbo moja, hakuwahi kulitia mdomoni.

Mambo yalipoharibika mwaka wa sitini na nne, Nadhir aliondoka na mkewe kupitia Mombasa, wakatangatanga Dubai, mwisho wakaangukia Ibra. Hashil alibaki na mama yao, maana mama alishika nguzo ya kitanda akasema hatoki. Barua hawakuandikiana. Barua ya Arabuni siku zile ilikuwa ikimtia mtu matatani, na Nadhir hakutaka kumponza nduguye. Kwa hiyo miaka kumi hakujua kama Hashil yu hai au kaliwa na ardhi. Kisha Jumamosi moja mwaka wa sabini na nne, umeme haujafika mtaani, redio ya betri, mtangazaji akasema kona kwa Shabaha, na nyuma ya sauti yake, mbali, zikatoka mbili fupi na moja ndefu yenye mkwaruzo. Mpigaji akaanza kukimbia, tarumbeta likanyamaza. Nadhir alilia mpaka mkewe, Ghaniya, akatoka jikoni na unga mikononi akidhani mtu kafa.

Toka hapo akawa hasikilizi mpira. Anangoja kona. Kila tarumbeta lilipolia alijua nduguye yuko hai, yuko uwanjani, na pale mahali alipotoka bado pana mtu. Nitanuiaje Ibra, alikuwa akisema, na kwetu ndiyo hiyo naisikia?

Sasa Ghaniya. Ghaniya alizaliwa Unguja kama mumewe, lakini babu yake alitoka Ibra hiihii, mtaa wa Sifala, na nyumba ya babu ilikuwa bado imesimama nusu, na mlango wake wa kuchongwa. Mama yake aliwafuata baadaye, akafariki mwaka wa sabini na sita, kaburi lake liko ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu. Ghaniya ndiye aliyejua Ibra nani kazaa, nani anaumwa, falaji gani, ile mifereji ya mashamba, imepungua maji. Wanawake wa mtaa walimwita dada. Lakini kila adhuhuri alisali mbili, katika mji wa babu yake, kwa sababu mumewe ni msafiri. Wenziwe walikuwa bado wamesujudu, yeye keshatoa salamu. Hakulisema hilo mbele za watu, ila lilimuuma.

Mwaka wa themanini na nne moyo wake ukaanza kumchoka. Alipelekwa Maskati kwa daktari, akarudi na vidonge, na Fakhriya alirudi na maneno ya daktari ambayo hakumfasiria mama yake. Mama hakuhitaji tafsiri. Kupanda ngazi mbili tu alikuwa akishika ukuta. Wakamuwekea kitanda chumba cha pili, pazia moja tu baina yake na majlisi, na Jumamosi akawa anasikia mpira na kahawa inavyomiminwa.

Usiku mmoja baada ya chakula alimwambia mumewe amnuilie.

Nadhir alijifanya hakuelewa. Ghaniya akamwambia anaelewa vizuri sana, na kwamba yeye anataka kusali sala kamili kabla hajafa. Nadhir akaleta utani wake, kwamba dua ya msafiri haikataliwi, na anayefia ughaibuni kafa shahidi, sasa mtu anataka nini zaidi? Akatazamia mkewe acheke, maana kwa kawaida alikuwa akicheka.

"Ughaibuni wa nani?" Ghaniya alisema. "Mama yangu kalala pale ng'ambo ya wadi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nimelima mpaka mpini umekatika. Sitaki kufa nasali mbili kama mtu aliyeteremka kwenye gari kujinyoosha miguu."

Nadhir akamwambia angoje kwanza. Angoje nini, hakusema, na Ghaniya hakuuliza, kwa sababu alijua ni tarumbeta. Mahrous naye alimshauri rafiki yake kwa upole kwamba wako wanavyuoni wanaosema mtu anaweza kuwa na kwao zaidi ya mahali pamoja, kwamba akiinuia Ibra hajaikana Unguja. Nadhir alimjibu kwamba hesabu akafundishe skuli. Mkaidi, bwana, lakini ukaidi wake ulikuwa ni hofu. Aliona siku atakayosema "hapa ndipo kwetu" atakuwa kamfungia Hashil mlango na mikono yake mwenyewe.

Mwanzo wa mwaka wa themanini na tano, tarumbeta likanyamaza.

Wiki ya kwanza Nadhir alisema ni mvua. Ya pili akasema redio haikushika vizuri. Halafu akasema Hashil atakuwa kaenda shamba, halafu kwamba ana mafua, nani atapuliza tarumbeta na mafua? Wenziwe walikubali kila sababu. Ikawa mtangazaji akitamka neno kona, majlisi nzima haipumui, Zuhair kikombe kimemgandia mkononi, na nyuma ya pazia hata kikohozi cha Ghaniya kinangoja. Kona inapigwa. Hakuna kitu. Zuhair huuliza kama kahawa bado ipo, na wote wanaona kahawa ipo.

Kisha Jumamosi moja likalia. Mbili fupi, moja ndefu, na mkwaruzo uleule. Nadhir aliruka akaipiga teke dele ya kahawa, akamkumbatia Mahrous, akamkumbatia Zuhair, akamshukuru Mungu kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Mahrous alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Nyuma ya pazia Ghaniya akaita, "Baba Fakhriya." Nadhir akaingia mbio akidhani naye anafurahi.

Ghaniya alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mto.

"Yule si Hashil," alisema.

Nadhir akamuuliza si Hashil vipi, hakusikia mkwaruzo?

"Tarumbeta ni lile. Pumzi si zake. Kapuliza mpaka mpira umepigwa."

Na Nadhir alikuwa kasikia. Hilo ndilo lililomuudhi. Alikuwa kasikia mtangazaji akipandisha sauti juu ya ile kelele, akasikia mpigaji anakimbia na tarumbeta linaendelea, na moyo wake ukalipita lile jambo upesi kama mtu anavyopita mbele ya nyumba ya mdai. Sasa mkewe kamrudisha kwa mkono mpaka mlangoni.

"Unataka afe," akamwambia, "ili upate kusali nne."

Neno likishatoka halina mkia wa kulikamatia. Ghaniya alijilaza taratibu akaelekea ukutani, na majlisini Mahrous na Zuhair, waliosikia yote, waliaga kabla ya kipindi cha pili kwisha. Wiki ile nyumba ilikuwa na baridi. Nadhir alimletea mkewe dawa zake na maji na uji, yote kwa wakati, na hakumsemesha. Aliona aibu ya kumtazama usoni, na mwanamume mwenye aibu mara nyingi hununa. Kazini alikuwa akihesabu sururu zilezile mara mbili na kupata idadi mbalimbali. Alikuwa akijiuliza jambo moja: nani angeligusa tarumbeta lile, Hashil yuko hai?

Jumamosi iliyofuata wenziwe walikuja, maana rafiki haachwi kwa neno moja. Mpira ulianza, na karibu na jua kuzama Shabaha wakapata kona. Nadhir aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa redio. Mbili fupi. Moja ndefu. Mtangazaji akasema mpigaji anarudi nyuma, anakimbia, na tarumbeta likaendelea, likampitia, likaufunika mpira na kelele za watu. Kilikuwa kifua cha kijana, kifua kizima kisicho na haraka ya kupumua, na hakuna aliyekifundisha lini kinyamaze.

"Inna lillahi," Nadhir alisema, kwa sauti ya chini. Mahrous akamalizia.

Adhana ikatoka. Mahrous na Zuhair waliinuka bila ya kumtazama, wakaenda mlangoni kutafuta makubadhi yao. Waliposhika njia wakasikia nyuma yao mfereji wa maji unafungwa, na Nadhir anatoka, mikono inamtiririka udhu, kofia kichwani. Zuhair alisahau adabu, akauliza, "Na mpira?"

"Uache," alisema Nadhir.

Msikiti haukuwa mbali, lakini Nadhir alitembea kama mtu mwenye mzigo, na kwenye kizingiti akasimama. Watu wakampita. Pale ndipo aliponuia, kwake na kwa mkewe, kwamba Ibra ndiyo kwao. Haikumchukua muda, nia haina muda, na kilichomshangaza ni kwamba Hashil hakuondoka moyoni. Alisali magharibi kwa wakati wake, akabaki palepale ameketi mpaka isha. Isha ya rakaa nne nyuma ya imamu alikuwa ameshaisali mara nyingi miaka ile, kila alipobahatika kuingia sala ya jamaa, maana msafiri humfuata imamu, lakini zile zilikuwa nne za imamu. Za siku ile zilikuwa zake.

Waliporudi, redio ilikuwa imejisemea peke yake mpaka imechoka. Mpira umekwisha, mtu anasoma habari za karafuu. Mahrous kwa mazoea akageuka kumuuliza Nadhir nani kashinda, kisha akakumbuka. Nadhir akazima redio, akafungua pazia.

Ghaniya alikuwa macho, ameketi, mtandio wa sala kichwani. Alisema alisikia redio inazungumza na hakuna anayeijibu, na kabla ya hapo alisikia makubadhi ya watu watatu yanatoka. Kwa hiyo isha hakuisali, akangoja. Nadhir alikuwa amepanga maneno mengi ya kumuomba radhi, tangu msikitini anayapanga, yote yakampotea.

"Nisamehe," alisema. "Ghaniya, tumefika."

Ghaniya akamshika mkono akautia begani pake, apate kujisogeza kuelekea kibla. Alisali ameketi, taratibu, akipumzika baina ya rakaa na rakaa. Ya kwanza, ya pili. Mahali alipozoea kutoa salamu hakutoa. Akaendelea na ya tatu. Nadhir, aliyeketi chini kando ya kitanda, akauma ukingo wa kofia yake kilio kisimtoke, na kilimtoka hivyo hivyo, kwa Hashil, kwa lile neno la wiki iliyopita, na kwa miaka yote aliyomnyima mkewe rakaa mbili. Ghaniya alimaliza nne, akatoa salamu, na dua yake ya kwanza ikawa ya kumrehemu shemeji yake.

Habari yenyewe ilikuja baada ya Ramadhani. Shangazi yake Mahrous, Bi Wadha, aliruhusiwa kuja kuwatazama watu wake, akapitia Unguja. Hashil alikuwa amefariki siku zilezile tarumbeta liliponyamaza, na mwanawe Khelef ndiye aliyelirithi. Kijana hodari, alisema Bi Wadha, kifua chake kama mvukuto. Nadhir akampa ujumbe mmoja wa kurudi nao: kijana aambiwe ami yake mzee anasema, mpigaji akianza kukimbia, anyamaze.

Ghaniya alisali nne kwa nne mpaka tende zikaiva. Aliuliza kila mgeni kama keshakula tende za mwaka huu, naye mwenyewe hakuwahi kuziona zikianikwa. Walimzika ng'ambo ya wadi, karibu na mama yake, na watu wakakaa azza, matanga yetu, siku tatu kwenye sabla, baraza la mtaa. Walikuja wengi, wa Ibra na wa Sur, na wa Maskati waliokuwa majirani zetu Unguja. Mmoja katika hao, mzee mwenye nia njema, alimshika Nadhir mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwambia lile neno ambalo sote tulikuwa tukiambiana kwenye misiba yetu, kwamba maskini, kafia ugenini.

"Hasha," Nadhir alisema. "Kafia kwao."

Mzee yule akatikisa kichwa, akampisha wa nyuma yake. Mchana ukaenda, kahawa ikazunguka, na ilipoadhiniwa magharibi Nadhir akainuka na wenziwe wakaenda kusali.